Petroli ya Kinyozi

Mume wangu alipostaafu kazi ya kutunza stoo kwenye chuo cha ualimu, alikaa nyumbani miezi minne akipanga upya vitu ambavyo mimi nilikuwa nimeshavipanga. Alihamisha sufuria. Alinifuata hadi barazani, kwenye cherehani yangu, akaniuliza kwa nini vifungo vyeusi vinakaa kopo moja na vya kahawia. Nikamwambia, "Baba, tafuta kazi, la sivyo nitatafuta mume mwingine, wa kutoka asubuhi na kurudi jioni."

Haikupita wiki akarudi na mkokoteni. Juu yake ililala mashine ya kukatia nyasi, ile kongwe ya chuo, chuma kitupu, iliyokuwa ikifanya kazi tangu kabla hatujaoana. Chuo kilikuwa kinasafisha stoo na hiyo ilikuwa inakwenda kwenye vyuma chakavu. Aliiomba, wakampa, na nadhani alipogeuka walicheka.

"Nitaifufua," alisema. "Halafu nitakata nyasi za zahanati."

"Kwa hela ipi?"

"Hela haipo. Akili ipo."

Niliitazama ile mashine na ikanigusa moyo kidogo, kwa sababu naijua. Chuo kizima kiliijua. Ilikuwa na mtu wake, mtunza bustani tuliyemwita Kinyozi, maana alikata nyasi kama mtu anayenyoa kichwa cha mwanawe: polepole, akirudi nyuma kuangalia, akipuliza. Miaka kumi na tisa iliyopita Kinyozi alifukuzwa kazi kwa kuiba petroli ya mashine hiyo hiyo. Mume wangu ndiye aliyeandika barua ya mashtaka. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa linatajwa, kama vile hakuna anayetaja jina la jino lililong'olewa.

Basi kazi ikaanza. Injini ilikuwa imeganda. Ukivuta kamba, unavuta ukuta. Mzee alifungua plagi, akamimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na mafuta ya kupikia yaliyobaki kwenye kikaango changu, akaiacha. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kuijaribu kwa spana. Siku ya tisa pistoni ilisogea upana wa ukucha, na mtu mzima wa miaka sitini na moja akapiga ukelele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amefariki.

Tangi lilikuwa na kutu ndani. Tulitia kokoto na siki, tukaliziba, tukampa mdogo wangu alitikise. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiishi kwetu, chumba cha nje, akibeba abiria kwa pikipiki. Alilikumbatia lile tangi akacheza nalo uani kama mtu aliyepata mchumba, huku mume wangu akimwambia, "Shemeji, tikisa, usilibembeleze!" Plagi ilitoka kwenye pikipiki yake, ya zamani aliyokuwa ameibadilisha. Gasketi, karatasi ya kuziba kati ya chuma na chuma, niliikata mimi. Nililaza chuma kimoja juu ya boksi gumu la sabuni, nikachora kwa chaki ya fundi, nikapita na mkasi wangu wa kitambaa, ule ambao watoto wangu walikuwa wakichapwa wakiugusa kukatia karatasi.

Na kabureta ikawa yangu pia, kwa sababu vidole vya mume wangu vimenenepa na vinatetemeka. Kabureta ni kitu kidogo cha kuipimia injini petroli, kina vitundu vyembamba kuliko jicho la sindano. Mtu aliyeshinda miaka thelathini akifungua cherehani hawezi kuogopa kitu kama hicho. Nilikifungua juu ya sinia, nikazibua matundu kwa uzi mgumu, nikafuta kila kipande, nikarudisha kila kimoja mahali pake. Nilikuwa naangalia uchafu tu. Uchakavu sikuuangalia.

Alhamisi moja alasiri mashine ikawaka. Ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe, ikakamata. Mlio ule ulinirudisha mbali. Nilisikia tena asubuhi za chuo, wanafunzi wakipanga foleni ya uji na Kinyozi akipita nyuma ya madarasa. Mume wangu alisimama na mikono yake yenye oili, anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona hivyo tangu astaafu.

Alijaza tangi, akafunga koki ya petroli, akaiegesha kwenye kibanda cha kuni. Kesho yake tangi lilikuwa nusu.

Aliangalia chini. Sakafu kavu. Akapitisha kidole chini ya tangi. Kikavu. Akaja barazani, akasimama mbele ya cherehani kwa namna ninayoijua, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri sahihi yako.

"Mdogo wako amejaza pikipiki leo?"

"Sijui. Kwa nini?"

Alikwenda chumba cha nje. Nilisikia sauti yake, ya chini, ya kiofisi; kisha nikasikia ya mdogo wangu ikipanda: "Mimi, shemeji? Mimi niliyelitikisa lile tangi hadi mabega yakaniuma?" Nikaacha kitambaa kwenye mashine nikaenda. Nilimkuta mdogo wangu anakunja shuka.

"Dada, sitalala kwenye nyumba ninapohesabiwa mwizi."

"Hajasema mwizi," nikasema.

"Amesema tuko watu watatu tu humu ndani, na wawili ni wazee. Hebu nisaidie hesabu hiyo, dada."

Aliondoka na begi lake mgongoni. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumzuia. Kuna sehemu ndogo ndani yangu ilisema: labda. Vijana wana shida zao. Mume wangu hasemi kitu bila sababu.

Siku hiyo alijaza tangi tena. Safari hii alifunga kibanda kwa kufuli mpya na ufunguo akautia mfukoni mwa suruali aliyolala nayo. Asubuhi tulikwenda wote wawili. Kufuli iko vilevile. Akafungua, akatoa kifuniko cha tangi, akachungulia, akanipa nami nichungulie.

Nusu.

Nikacheka. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Au inakunywa yenyewe usiku."

Ilikuwa mzaha wa chuo. Miaka ile, mtu akipoteza kalamu aliambiwa imenywewa na mashine. Mwalimu akichelewa, mashine imemnywa. Wanafunzi waliimba. Hata mimi niliusimulia mzaha huo barazani, kwa wateja wangu, nikiigiza sauti. Na ulitoka kwa Kinyozi mwenyewe, siku alipoitwa ofisini kuulizwa petroli inakwenda wapi. Alisema, "Wakubwa, mimi nafunga koki, nafunga mlango, asubuhi nakuta imepungua. Mashine inakunywa usiku." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Naye hakuwa anatania.

Kicheko changu kilikatika katikati. Tulitazamana na mume wangu, na nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu.

Alipiga magoti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Wiki ile alikuwa ametia oili mpya, nzito kama asali, hadi kwenye alama. Sasa ilikuwa imepita alama kwa vidole viwili, na ilitiririka kutoka kwenye kijiti nyepesi kama chai. Akainusa. Akanipa ninuse. Petroli tupu.

Nilirudi ndani na kabureta juu ya sinia, na safari hii niliangalia nilichopaswa kuangalia. Ndani ya kabureta kuna boya dogo. Petroli ikijaa boya linapanda, linasukuma sindano, sindano inaziba tundu. Ile sindano ncha yake ilikuwa imeliwa mduara mzima, kijifereji chembamba ambacho hukioni mpaka uigeuze kwenye mwanga. Koki nayo ilikuwa inafunga kwa mkono tu, ndani imekwisha. Kwa hiyo petroli ilikuwa ikishuka tone kwa tone, usiku kucha, ikipita kwenye silinda, ikiingia kwenye oili, tumboni mwa injini. Haimwagiki chini. Haionekani. Mashine ilikuwa inakunywa usiku.

Nilipomwonyesha, mume wangu aliketi juu ya gogo la kuni. "Alinieleza," alisema. "Alinieleza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo."

Mdogo wangu tulimfuata siku hiyohiyo, kijiweni kwake. Mume wangu alimwomba radhi mbele ya wenzake wote wa pikipiki, na sauti yake haikuwa ya kiofisi. Kijana alijitia kununa kidogo, kisha akasema, "Shemeji, ukinisingizia tena, angalau iwe ng'ombe, nipate heshima." Akarudi na begi lake. Yeye ndiye aliyetutafutia sindano nyingine, ya kabureta ya pikipiki, mume wangu akaipunguza kwa tupa mpaka ikakaa. Kidonda cha siku mbili hufungwa kwa kitambaa chochote.

Cha miaka kumi na tisa je? Mume wangu alisema, "Kesho nitakwenda kwa Kinyozi." Kesho yake akasema mvua. Kesho yake nyingine akasema lazima kwanza ajue anakaa wapi, ingawa kila mtu alijua anakaa wapi. Nilimwelewa, kwa sababu na mimi nilikuwa nashona kwa kasi siku zile ili mikono isisimame. Mimi nina langu, ambalo mume wangu hakulijua.

Mke wa Kinyozi alikuwa shoga yangu. Tulichana nywele pamoja, tulizaa mwaka mmoja. Wiki moja baada ya mumewe kufukuzwa, alikuja barazani na gauni ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alisema nilipunguze kiuno. Nikampima, nikaona halihitaji. Akasubiri wateja waondoke, kisha akaniuliza, akitazama sakafu: "Shoga, wewe uko karibu na wakubwa. Ni kweli aliuza? Yeye anaapa hakuuza. Na kama aliuza, hela alimpelekea nani, maana kwangu hazikufika."

Ningeweza kusema sijui. Ilikuwa ndiyo kweli yenyewe. Lakini nilihisi kama anauliza habari ya mume wangu badala ya mumewe. Chuoni wenye ufunguo wa stoo walikuwa wawili tu, mumewe na wangu, na kama si mmoja basi ni mwingine. Nikanyoosha shingo nikasema, "Mume wangu hasemi uongo."

Akakunja gauni lake. Mwezi haukuisha, akachukua watoto akaenda kwa kaka zake. Hakurudi tena kwa Kinyozi. Alifariki huko, ni mwaka wa sita sasa. Sikwenda mazishini. Nilisema nina nguo za watu.

Nilimwambia mume wangu haya asubuhi moja huku nikimkatia mkate. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani. "Vaa viatu," alisema. "Twende leo."

Kinyozi alikuwa na kitalu cha miche pembeni ya barabara kubwa, paa la neti na mistari ya vifuko vyeusi. Tulimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajaza udongo kwa kopo. Amekonda, lakini mikono ni ileile, polepole, anajaza, anagonga, anaangalia, anapuliza vumbi. Alituona tangu mbali na hakusimama.

"Bwana Stoo," alisema. Kisha kwangu, "Shemeji. Mnataka miche?"

Mume wangu alitoa leso mfukoni, akaifungua, akamwonyesha ile sindano kuukuu. Alieleza kila kitu, kabureta, koki, oili iliyopanda, kufuli mpya. Alieleza kwa mpangilio mzuri, kama ripoti, na mwishoni akasema: "Hukuiba. Mimi nilikuandika mwizi, nawe hukuiba. Naomba unisamehe."

Kinyozi aliichukua sindano, akaigeuza kwenye jua. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi.

"Nilikuambia ifunguliwe," alisema. "Ukaniambia mimi ni mkata nyasi, si fundi."

"Nilisema hivyo."

"Hata mimi baadaye nilianza kujishuku, unajua? Nilijiuliza, labda kweli niliuza nikasahau. Mtu akiambiwa na watu wote." Akairudisha sindano kwenye leso. "Sawa. Umesema. Nimesikia."

Nikaona kwamba angeendelea kujaza udongo, na tungeondoka, na mambo yangekwisha hapo kwa heshima. Nikajikuta nimechuchumaa mbele yake. Nikamwambia habari ya gauni, ya swali, ya jibu langu. Sikupunguza neno.

Kopo lilisimama hewani.

"Alikuja kwako kuuliza?"

"Alikuja."

"Lini?"

"Wiki baada ya wewe kutoka."

Aliliweka kopo chini taratibu. "Miaka yote hii," alisema, "nilijua hakuuliza. Nilijua aliamini mara moja, siku ileile, kama wengine. Hilo ndilo lililoniuma. Kazi nyingine ningepata. Lakini mke kuamini siku ileile." Alipangusa uso kwa kiwiko, udongo ukabaki shavuni. "Kumbe alikwenda kuuliza."

Gari kubwa likapita, neti ikatikisika juu yetu.

"Laiti ningejua alikuwa anauliza," alisema, "ningemfuata kule kwa kaka zake. Sikumfuata hata mara moja. Nilisema, wacha aende."

Mume wangu alimuuliza tufanye nini. Kinyozi alisema twende chuoni tukaeleze, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Nani yupo chuoni sasa anayemkumbuka? (Mume wangu alikwenda hata hivyo, wiki iliyofuata. Mkuu wa chuo ni kijana mpole, alimkaribisha kiti, akasema majalada ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Alishangaa kwa nini mzee anahangaika na jambo ambalo halimo hata kwenye jalada.) Kisha Kinyozi akasema, "Binti yangu mkubwa. Anauza vitabu na madaftari pale karibu na posta. Haji kwangu. Mwambie yeye. Si wewe, Bwana Stoo. Shemeji ndiye amwambie."

Nilikwenda peke yangu Jumatatu. Binti ana uso wa mama yake mpaka nikasahau nilichokuja nacho. Alinitambua. Utotoni alikuwa akiniita mama mdogo. Sasa aliniita mama, kama anavyomwita mteja yeyote mwenye umri wangu. Nilisubiri wanafunzi wamalize kununua kalamu. Kisha nikaeleza, nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti.

Alinisikiliza akipanga madaftari, kona kwa kona. Nilipofika kwenye gauni, akaacha.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Nani, mwanangu?"

"Mama alikuwa akituambia. Tukimlilia baba, alituambia: nilikwenda kuhakikisha, nikahakikishiwa na mtu wangu wa karibu. Hakumtaja. Mimi nilidhani ni mtu aliyeona kwa macho."

"Sikuona kitu."

"Mbona ulisema?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa swali hilo. Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa kwa ajili ya mume wangu. Kwamba ilikuwa rahisi. Kwamba nilimwona mama yake ameishiwa nguvu mbele yangu nikafikiria shingo yangu mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa, si kwa kukubali, ni kama mtu anayesikia bei ya kitu asichokuwa na nia ya kununua.

"Asante kwa kuja," alisema. "Siwezi kukuambia zaidi ya hapo leo."

Mashine inafanya kazi mpaka sasa. Kila wiki mume wangu anakata nyasi za zahanati, na mdogo wangu humsaidia kuisukuma pale penye mwinuko. Akimaliza anatoa petroli yote iliyobaki tangini na kuitia kwenye galoni, hata kama sindano ni nzima, anaacha tangi limekauka. Sijamwambia kwamba si lazima. Kwenye zahanati wanamsifu, naye anasema asante na kuondoka haraka.

Habari za Kinyozi nilizipata kwa muuza mkaa anayepita kwetu. Binti alikwenda kitaluni Jumapili moja, akakaa saa nzima, wakazungumza kidogo sana. Akarudi Jumapili nyingine na ndugu zake wawili. Wa tatu, kitinda mimba, alikataa kushuka kwenye gari. Kabla ya mwaka kwisha wakamchukua mzee akaishi nao, miche ikagawiwa majirani, neti ikakunjwa. Nilipita pale nikakuta mtu mwingine anaosha magari.

Hawakuja kutuaga. Hawakuwa na sababu ya kuja. Nilisimama kidogo ukingoni mwa barabara, maji ya sabuni yakipita miguuni, mwosha magari akaniuliza kama ninamtafuta mtu. Nikamwambia hapana, nikaendelea na safari yangu ya sokoni, kununua uzi.